Usukani wa stenlesi wa kutengeneza nyumbani ukianza kusumbua: dalili, chanzo na dawa yake

Ukitembea ufukweni hapa Tanga kuanzia Sahare mpaka Deep Sea utakuta vyombo vingi bado vina usukani wa mbao wenye bawaba za chuma, na hakuna ubaya, mbao nzuri inafanya kazi. Ila sasa hivi kuna watu wanataka wa stenlesi (chuma kisichopata kutu kirahisi), hasa wenye mashua za mashine na boti za faiba, na mafundi tunautengeneza uani nyumbani kwa grenda, mashine ya kuchomelea ya inveta, vaisi na meza. Inawezekana kabisa, tena ukatoka usukani wa kukaa miaka. Shida ni kwamba stenlesi haina tabia za chuma cha kawaida, fundi wa mageti akiichukulia kama geti lazima imsumbue, na ikianza kusumbua kila mtu anasema ni maji ya chumvi, kumbe dalili nyingi zilianzia palepale uani kabla chombo hakijashushwa.

Kwa hiyo usikimbilie grenda. Osha usukani kwa maji ya bomba, ukaushe, halafu tazama dalili iko sehemu gani hasa. Mi naamini sehemu ilipo dalili inakwambia chanzo kuliko kitu kingine chochote. Kutu iliyotapakaa bapa zima (ile pleti pana inayosukuma maji) ni habari nyingine kabisa na kutu iliyofuata mshono, na ufa wa pale shafti, ile nondo nene inayogeuza bapa, inapoingia kwenye bapa hauna undugu na ufa wa mwisho wa mshono.

KUTU

"Fundi, uliniambia stenlesi, mbona inatoa kutu?" Hiyo kauli utaisikia tu, nahodha amesimama kwenye mchanga maji yamekupwa, ananyooshea kidole madoa ya kahawia. Mjibu kwa heshima, "Mzee, ngoja niyatazame," maana inawezekana ana haki.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Stenlesi ina kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kromiamu ikikutana na oksijeni inatengeneza utando mwembamba sana usioonekana kwa macho. Ukiukwaruza unajirudi wenyewe ilimradi oksijeni inafika na uso ni safi. Basi kila ukiona kutu jua kuna kitu kimeuzuia utando kujirudi pale, kazi yako ni kukijua hicho kitu.

Madoa madogo madogo yaliyotawanyika bapa zima, yanatokea siku chache tu baada ya kuingia majini, mara nyingi ni kutu ya chuma kingine. Uliposaga ulitumia diski iliyokwisha kusaga nondo, au brashi ya waya za chuma cha kawaida, au jirani yako alikuwa anakata engo upande wa pili wa uani na cheche zikaruka juu ya bapa zikanata. Hizo chembe ndizo zinazooza, stenlesi yenyewe chini bado nzima. Dawa ni asidi ya sitriki, ile ya unga mweupe, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, lowesha vitambaa ufunike bapa, acha kama saa moja huku unaongezea ili visikauke, halafu sugua na suuza kwa maji mengi ya bomba. Madoa yakiondoka na yasirudi, umemaliza. Na kabla hujamkabidhi mtu usukani wake fanya kajaribio haka ka bure: mwagia maji ya bomba, acha ukauke, mwagia tena, fanya hivyo siku nzima mpaka kesho yake. Chembe za chuma zikiwepo zitajionyesha hapohapo uani wala huhitaji kusubiri bahari ikuambie. Nunua diski zilizoandikwa INOX, yaani za stenlesi, zitenge, na brashi ya waya za stenlesi usimwazime mtu wa mageti hata kama ni rafiki yako.

Kutu iliyofuata mshono pande zote mbili, mstari umekaa milimita chache kutoka kwenye mshono wenyewe, hiyo ni ya joto. Ukichomelea unaona rangi zinatokea pembeni, njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu, mpaka nyeusi ya kijivu. Watu wanazipenda zile rangi wanaziacha kama pambo. Ndugu yangu, rangi ya buluu na nyeusi maana yake kromiamu ya juu imeungua na chini yake kumebaki tabaka lililopungukiwa kromiamu, chumvi inaanzia hapohapo kula. Njano hafifu haina neno sana kwa sehemu ya juu ya maji ila kwa bapa linalozama ondoa zote. Iondoe kwa msasa au diski ya flapu ya stenlesi mpaka chuma king'ae, malizia na asidi ya sitriki. Ile pasta kali ya kusafishia mishono inafanya kazi vizuri sana na haraka, lakini nyingi ndani yake zina asidi ya naitriki na ya haidrofloriki, na haidrofloriki inapenya ngozi mpaka mfupani bila hata kuuma mwanzoni, kwa uani wenye watoto na kuku mimi siishauri hata kidogo.

Kuna na ile ya ndani zaidi ambayo msasa hauiponyi. Stenlesi yenye kaboni nyingi ikikaa kati ya nyuzi za Selsiasi 450 na 850 kwa muda, kromiamu yake inaungana na kaboni na kuwaacha majirani bila kinga, kutu inaingia katikati ya punje zinazounda stenlesi yenyewe. Kwa pleti ya mili 3 iliyochomelewa haraka ni nadra. Kwa pleti nene iliyorudiwarudiwa mshono juu ya mshono mpaka ikawa nyekundu muda mrefu, inatokea. Ndiyo maana unatafuta yenye herufi L mwishoni, 316L au 304L, kaboni yake haizidi asilimia 0.03.

Sasa ikiwa umeosha, umesafisha, na kutu imerudi palepale na ukipitisha ukucha unasikia vishimo, hapo jiulize umenunua nini. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, inafaa masinki na matangi. 316 imeongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na hiyo ndiyo inayosimama mbele ya chumvi. Kuna na zile za namba 200 ambazo nikeli imepunguzwa ikawekwa manganizi, zinang'aa vizuri dukani lakini baharini hazina maisha. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha hizi, zote haziishiki au zinaishika kidogo sana pale zilipokunjwa. Sumaku ikinasa kwa nguvu jua hiyo ni jamii ya 430, ipeleke jikoni. Kama umeokota pleti kwa wauza skrepa na haina maandishi usiiwekee matumaini ya kukaa majini mwaka mzima. Kwa boti inayovutwa juu kila jioni na kuoshwa 304 inaweza kuvumilia, kwa chombo kinacholala nangani siku zote nunua 316L, na ombeni karatasi ya kiwandani, msiogope kuonekana wasumbufu.

Mwisho kwenye kutu ni ile isiyoonekana. Bolti ya bawaba imepita kwenye fashini (ule mti wa nyuma wa chombo unaobeba usukani), kichwa kinang'aa nje, nati inang'aa ndani, katikati imelika imebaki nyembamba. Ubao uliolowa hauna oksijeni ndani yake, utando hauna cha kujirudishia. Hali ileile inatokea chini ya washa ya bolti, chini ya chaza waliogandamana kwenye bapa, na kwenye mwanya kati ya pleti mbili zilizoshikizwa nukta nukta bila kuzibwa. Dawa yake ni kuziba maji yasiingie kabisa, paka silanti (gundi ya kuzibia maji) kwenye tundu zima la bolti na si kichwani tu, chomelea mshono wa kuzunguka badala ya nukta, kwangua chaza kila chombo kikipandishwa. Na kila ukipandisha kwa kupaka rangi chomoa bolti mbili tatu uzitazame kiunoni. Zikiwa na kishimo hata kimoja badilisha zote, bei ya bolti si kitu ukilinganisha na kupoteza usukani kwenye mkondo wa Pemba kusi inavuma.

BAPA LIMEPINDA

Hili ndilo linalowakatisha tamaa mafundi kuliko yote. Umekata vizuri, umepima vizuri, umemaliza kuchomelea, unalaza bapa mezani linacheza.

Sababu iko kwenye namba. Pleti ya stenlesi ya mita moja ikipanda joto nyuzi 100 inarefuka kama mili 1.7, chuma cha kawaida kama mili 1.2 tu. Halafu stenlesi inapitisha joto kama theluthi ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto halisambai, linabaki limejikusanya kwenye mshono, pale panavimba sana na pembeni pamebaki baridi, ikipoa mshono unajivuta na kuvuta kila kitu.

Kabla hujanyoosha jua limepinda vipi, maana kuna aina tatu. Likiwa limejikunja upande mmoja kwa urefu, ni kwa sababu umechomelea mbavu zote za upande mmoja ukamaliza ndipo ukageuza. Ukingo ukiwa na mawimbi, ulitumia ampea kubwa kwa pleti nyembamba au ulikwenda mshono mrefu bila kupumzika. Na likiwa limejisokota, kona ya juu inatazama huku na ya chini inatazama kule, basi ulifungua klampu kabla halijapoa au ulilishikiza likiwa halijakaa sawa tangu mwanzo.

Kujisokota ndiko kubaya zaidi na ndiko kusikoonekana kirahisi. Kuna namna ya kukuona. Chukua vipande viwili vya boksi paipu vilivyonyooka, urefu kama nusu mita, kimoja kilaze kwa mlalo juu ya bapa upande wa shafti na kingine chini kabisa. Chuchumaa urudi nyuma hatua mbili, fumba jicho moja, shusha kichwa mpaka mgongo wa boksi ya mbele ukaribie kufunika mgongo wa ile ya nyuma. Zikilingana bapa liko sawa. Ukiona ya nyuma imechungulia upande mmoja tu, bapa limejisokota, na hata kama ni kidogo, kana (mpini wa kushikia usukani) itavuta upande mmoja safari nzima.

Kunyoosha fanya baridi. Weka bapa juu ya magogo mawili, jeki ya gari na boriti juu yake, bonyeza kupita pale unapotaka kidogo kwa sababu stenlesi inarudi nyuma ukiiachia, achia, pima, rudia. Usipige nyundo ya chuma tupu utaacha alama za kutu, weka kibao katikati. Moto wa gesi watu wanautumia kwenye chuma cheusi na unanyoosha vizuri, kwenye stenlesi unakurudisha kwenye zile habari za nyuzi 450 mpaka 850, mimi nauacha.

Na ukiwa bado hujachomelea basi una bahati, kinga ni rahisi. Funga bapa kwenye engo nene mbili kwa klampu nyingi. Shikiza kila baada ya mili 40 au 50, stenlesi inataka nukta nyingi kuliko chuma. Anza kushikiza katikati, nenda ncha moja, rudi ncha nyingine. Chomelea vipande vifupi vya mili 30 hivi, ruka, nenda upande wa pili wa bapa, rudi. Weka kipande cha shaba nyekundu nyuma ya mshono kinyonye joto. Ukishindwa kuweka kiganja pale ulipochomelea subiri, kunywa maji, itazame bahari, usiendelee.

MSHONO WENYEWE

Vitundu vitundu kwenye mshono. Hapa pwani cha kwanza kutilia shaka ni unyevu. Pakiti ya rodi (vijiti vya kuchomelea) ikishafunguliwa na kukaa dirishani wiki nzima hewa ya Tanga imeshaingia ndani ya lile gamba. Rodi za stenlesi zinakaushwa kwenye oveni, nyuzi 250 hadi 300 kwa saa moja au mbili, soma pakiti yako inasemaje, kisha hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Kama unatumia tigi (kuchomelea kwa sindano ya tangsteni na gesi ya argoni), vitundu vinatoka kwa upepo. Ule upepo wa mchana unaotoka baharini unapeperusha argoni unabaki unachomelea hewani, weka turubai au fanya kazi asubuhi mapema. Kufungua gesi nyingi zaidi hakusaidii, kunavuruga na kuvuta hewa ndani, lita 8 mpaka 12 kwa dakika zinatosha kazi nyingi.

Ukitumia tigi na mbele mshono unapendeza lakini mgongo wake mweusi na una chenga kama sukari iliyoungua, hewa imefika nyuma ya mshono chuma kikiwa moto. Ule mgongo ni dhaifu na utaoza. Inabidi argoni ipite na nyuma pia, funika kwa utepe wa alumini uache katundu kadogo ka kutokea hewa. Hii inakuhusu hasa ukitengeneza bapa lenye uwazi ndani.

Rodi inanata, arki inazimika, unaongeza ampea halafu ghafla inatoboa pleti. Cheki umeme kabla ya kulaumu mashine. Jioni watu wakiwasha kila kitu volti zinashuka, na ukiongezea ekstensheni ndefu ya waya mwembamba wa mili 1.5 zinashuka zaidi. Fupisha waya, tumia wa mili 4, fanya kazi muda ambao umeme umetulia. Kwa pleti ya mili 3 rodi ya 2.5 inakwenda vizuri kati ya ampea 60 na 80, geuza nguzo rodi iwe chanya.

Ufa mdogo wa nyota mwishoni mwa mshono unatokea ukinyanyua rodi ghafla. Rudi nyuma kidogo, jaza kile kishimo, ndipo unyanyue. Lakini ufa mrefu katikati ya mshono wote, tena mshono mgumu hata diski inalia ukiusaga, hapo kuna mtu kachomelea stenlesi kwa rodi ya mageti. Ule mshono hauponi kwa kupigwa mwingine juu yake. Usage wote utoke mpaka chini, uchomelee upya kwa rodi ya 316L, na kama sehemu moja ni stenlesi na nyingine chuma cha kawaida tumia 309L.

Kitu kimoja hapa sitaki mtu akiruke. Moshi wa stenlesi una kromiamu ya aina inayoleta kansa ya mapafu. Moshi wa mageti nao una madhara, ila wa stenlesi ni jambo jingine. Chomelea nje, simama upande upepo unakotokea, vaa maski yenye kichujio, kitambaa cha kanga usoni hakizuii chochote. Watoto wakae mbali.

SHAFTI IMEPINDA AU IMEPASUKA

Watu wanadhani maji ni laini. Hesabu ndogo: bapa lenye eneo la mita 0.3 za mraba, chombo kinakwenda noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa), ukikata kona kali maji yanalisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 150. Chombo hichohicho ukikifungia mashine kubwa kikaenda noti 12, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, kilo 600. Ndiyo maana usukani uliodumu miaka unapinda mwezi uleule mwenye boti alipobadilisha injini, na fundi analaumiwa bure.

Shafti ikipinda bila kupasuka, ni nyembamba kwa mzigo wake. Unene unalipa sana, kutoka mili 25 kwenda mili 32 nguvu ya kupinga kupinda inazidi mara mbili, kwa sababu inakwenda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Pima bushi zako kama zinaruhusu kabla ya kununua.

Ikipasuka, karibu kila mara ni palepale shafti inapoingia kwenye bapa. Pale ugumu unabadilika ghafla na mshono unaanzia konani. Ufa wa uchovu unaanza mdogo usioonekana. Kuutafuta hauhitaji vifaa vya bei, safisha mahali pale, paka mafuta ya taa, acha robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, halafu paka unga wa chaki ya shule. Subiri. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yanapanda kwenye chaki na kuchora mstari mwembamba mweusi, na mara nyingi mstari unakuwa mrefu kuliko ulivyodhani. Weka alama kwenye ncha zake, toboa katundu kila ncha ili ufa usiendelee, saga njia yote ya ufa, ndipo uchomelee.

Lakini ukiishia hapo utapasuka tena kwa sababu umbo ni lilelile. Shafti inatakiwa iteremke ndani ya bapa angalau theluthi mbili ya urefu wake, si kushikwa juu tu. Mshono uzunguke ncha na usiishie konani. Ukiweka vipande vya kuimarisha vikate vichongoke taratibu kuelekea mwisho, kipande cha mraba chenye kona kali kinahamisha ufa kutoka hapa kwenda pale.

BAPA LENYE UWAZI LIMEINGIA MAJI

Usukani wa pleti mbili zilizokunjwa juu ya mbavu unapendeza na unageuza vizuri kuliko pleti bapa, lakini unavuja. Utajua ukiunyanyua ni mzito, ukiutikisa unasikia maji. Chanzo kikubwa ni tundu la mwisho. Unapofunga mshono wa mwisho hewa ya ndani ina joto inatafuta pa kutokea, inapenya kwenye chuma kilichoyeyuka na kuacha katundu ka sindano. Kila uwazi uwe na tundu lenye nati ya kuziba, liache wazi muda wote wa kuchomelea, ziba ikishapoa.

Kutafuta kinapovujia usiunganishe kompresa. Hata shinikizo la baa 0.2 tu kwenye bapa la mita 0.3 za mraba ni kilo kama 600 zinasukuma kila upande, pleti zitavimba. Ziba nati asubuhi likiwa baridi kivulini, paka povu la sabuni kwenye mishono yote, litoe juani. Hewa ya ndani ikipata joto itatoa vipovu penye kasoro.

Na kabla hujachomelea bapa lililoingia maji, fungua nati, toboa na chini, mwaga yote, likaushe juani. Maji yaliyofungiwa ndani yakigeuka mvuke bapa linapasuka usoni kwako. Ukiona kuna povu la plastiki ndani usichomelee kabisa mpaka ulitoe, moshi wake ni sumu.

KANA NZITO, INAVUTA, AU INANGURUMA

Nzito sawa pande zote mbili, na ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza: eneo lote la bapa liko nyuma ya shafti. Asilimia 10 mpaka 15 ya eneo ikikaa mbele ya shafti mkono unapumzika. Usizidishe ukapita 20, kana itaanza kukimbia yenyewe kwenda pembeni, na hiyo ni hatari kuliko uzito.

Nzito baada ya wiki moja majini wakati nchi kavu ilikuwa laini: bushi za naironi. Naironi inakunywa maji inavimba. Zitoe, ziongezee nafasi kidogo kwa msasa zikiwa zimeshalowa, au weka plastiki isiyokunywa maji.

Inavuta upande mmoja ukiwa na mashine: kata gesi, acha chombo kiteleze. Mvuto ukipotea ni mzunguko wa maji ya panga (la kusukumia chombo), kawaida kwa usukani uliokaa nyuma yake. Ukibaki, rudi kwenye zile boksi mbili ulitazame bapa. Kwa mashua ya tanga angalia ukigeuza upande wa upepo, kana ikibadilisha upande inaovuta tatizo ni tanga na mlingoti, ikivuta upande uleule siku zote ni bapa.

Kunguruma kwa kasi moja tu, ukipunguza kunaacha na ukiongeza kunaacha, ni ukingo wa nyuma. Pleti iliyokatwa mraba au ya duara inaachia maji kwa mapigo na bapa linaitikia. Saga ukingo wa nyuma upande mmoja tu kwa mshazari mpaka ubaki mwembamba, kelele inaisha. Kunguruma kunakopanda na mashine ni panga au shafti ya panga, usukani hauhusiki. Kugonga gonga kwenye mawimbi ni bushi zimelika, ngoja maji yakupwe chombo kikae mchangani, shika bapa chini kabisa ulitikise utalisikia. Na hapohapo tazama kama bapa limeshuka chini ya mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo), maana maji ya bamvua yakikupwa chombo kitakalia usukani wako.

VITU VYA JIRANI VINALIKA

Usukani mzima unang'aa lakini misumari ya zinki kuzunguka bawaba imeoza na ubao umelainika, au kwenye boti ya faiba alumini ya mashine inatoa unga mweupe. Stenlesi na chuma dhaifu vikigusana ndani ya maji ya chumvi kile dhaifu kinaliwa. Tenganisha kwa vipande vya plastiki na silanti, na funga kipande cha zinki kwenye bapa kwa mguso wa chuma kwa chuma bila rangi katikati. Kikibaki nusu, badilisha.

NATI IMENG'ANG'ANIA

Nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi ukiikaza haraka kwa mashine inashikana moja kwa moja, si mbele si nyuma. Kata kwa grenda, hakuna dawa nyingine ya maana. Safari ijayo paka grisi ya kuzuia kushikana kabla ya kufunga na kaza kwa mkono polepole. Kutoboa nako ni hivyohivyo, ukitoboa kwa spidi kubwa bila kukandamiza stenlesi inakuwa ngumu na biti inaungua, shusha spidi, kandamiza bila kuachia, weka mafuta ya kukatia muda wote, ukikosa hata ya kupikia yanasaidia.